Duranta ya barazani imejaa vijitunda, ya uani haina hata kimoja. Kwa nini?

#1 UaLaFuoni
Assalamu alaykum wanajukwaa.

Nina duranta mbili. Zote nilikata matawi kwa dada yangu Bububu, kwenye mti mmoja, siku moja. Moja nikaichomeka mbele, ubavuni mwa baraza. Nyengine nikaichomeka uani, karibu na karo ya kuoshea vyombo. Huu mwaka wa tatu.

Ya barazani wallahi ni pambo. Vishada vinaning'inia mpaka vinagusa benchi la saruji, vijitunda vya njano kama shanga za dhahabu, na maua ya zambarau bado yapo kwenye tawi hilo hilo. Watu wanasimama kupiga picha. Ya uani imekwenda juu kunipita mimi, majani mapana yanang'aa, lakini kijitunda hata kimoja. Maua nimeyaona labda mara mbili, yakapukutika.

Na hii ya uani ndiyo ninayoitunza! Naipa mbolea ya kuku, naimwagia maji kila jioni. Ya barazani inakunywa mvua tu. Mama mkwe anasema imetiwa jicho. Sikubishana naye, ila nimekuja kuuliza na nyinyi.

#2 Fundi_Mkasi
Waalaykum salaam. Kazi yangu ni kukata maua, majumbani na mahotelini upande wa Paje. Nikuulize, unaikata kila baada ya muda gani?

Duranta hutoa ua kwenye ncha ya tawi jipya. Ukipitisha mkasi kila wiki mbili unatupa maua kabla hata hujayaona. Mahoteli wanataka ukuta wa majani ulionyooka, na kwenye kuta hizo sijawahi kuona kijitunda. Ukizunguka nyuma wanakoanika mashuka, ile iliyosahauliwa imejaa tele.

#3 UaLaFuoni
Ahsante fundi. Lakini kwangu ni kinyume. Ya barazani ndiyo niliyoikata, mara mbili mwaka jana, maana ina miba na ilikuwa inawakwaruza wapita njia. Ya uani haijawahi kuguswa na mkasi.

#4 Fundi_Mkasi
Basi hapo hapo! Ya mbele uliikata, ikatoa matawi mapya, na matawi mapya yakatoa maua. Ya uani ina mti mkongwe mtupu. Kukata kila wiki ni kosa na kutokata kabisa ni kosa. Ikate nusu, mvua za masika zikianza.

#5 Mpemba_wa_Konde
Fundi ana jibu la kila upande, mkasi ukipita sawa, usipopita sawa 😄

#6 Maalim_Kinongo
Nilisomesha kilimo skuli miaka mingi, naomba nichangie. Mkasi una nafasi yake, ila soma tena alichoandika mwenye uzi: mbolea ya kuku na maji kila jioni. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ni chakula cha majani. Mti ukishibishwa hivyo hauna haja ya kuzaa, unanenepa tu. Majani mapana yanayong'aa, urefu kumpita mtu, maua machache: dalili zote umezitaja mwenyewe.

Tena wewe uko Fuoni, ardhi yako si mbaya. Waachie mbolea wenye ardhi ya mawe. Simamisha ya kuku msimu mzima, na kama huna budi kutia kitu, tia jivu la kuni kidogo.

#7 BintiMakunduchi
Namuunga mkono maalim, nikitoa ushahidi wa mawe. Kwetu ni uwanda, ukichimba shubiri moja unagonga jiwe. Duranta yangu nimeipanda kwenye tundu la jiwe, nikajaza taka za majani. Haijaona mbolea, na kiangazi chote inajinyonga na kiu. Imefika kiunoni tu lakini vijitunda mpaka matawi yanalala chini.

Ila mie naona kubwa ni jua. Yangu inapigwa na jua tangu linatoka baharini mpaka jioni. Dada UaLaFuoni, uani kwako jua linaingia saa ngapi?

#8 UaLaFuoni
Nimekaa leo nikaangalia khasa. Upande mmoja nyumba, upande mwengine ukuta wa jirani wa matofali, tena juu yake kuna tangi la maji. Jua linaifika saa tano, saa nane kivuli cha nyumba kishaifunika.

#9 BintiMakunduchi
Saa tatu tu! Jua la saa tatu ni la mnanaa. Duranta inataka siku nzima.

#10 Nairobi_Mswahili
Hamjambo. Jamani mbona hakuna aliyetaja dume na jike? Michongoma ina miti dume na miti jike. Dume hata uilee vipi haizai. Huku kwetu tuna ua wa mchongoma, tunauita kayaba, matunda yake ya njano makali kama ndimu. Jirani yangu alingoja matunda miaka saba, kumbe kapanda madume matupu. Huenda ya dada ndiyo hiyo.

#11 Maalim_Kinongo
Karibu ndugu yetu, lakini tutenganishe mambo mawili.

La kwanza, mchongoma wako wa Nairobi na mchongoma wetu si mti mmoja. Wenu asili yake ni Afrika Kusini, una tunda la njano. Wetu wa hapa tunda lake ni jekundu linaloiva kuwa zambarau iliyokolea, na watoto wanalila. Ni kweli yote miwili ina dume na jike mbalimbali, hapo umesema sawa.

La pili, duranta haimo humo. Ua lake moja lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Na mwenye uzi katwambia mwanzo kabisa kwamba miche yote miwili imetoka mti mmoja. Kama mmoja unazaa, wa pili ni damu ile ile.

#12 Nairobi_Mswahili
Nimekubali maalim. Nilipita haraka #1. Ila nimefahamu sasa kwa nini watu wa pwani husema mchongoma kuupanda si kazi, kuushuka ndio ngoma. Miba ya kayaba imeshanitoboa gurudumu la baiskeli.

#13 Mpemba_wa_Konde
Nyinyi watu wa Unguja mnapanda vijitunda vya kutazama. Sie Pemba tunapanda vya kutazama na kula. Kuna ua mzuri kama mtandamboo? Majani ya kijani kibichi mwaka mzima, maua meupe yananukia usiku kama asumini, vijitunda vinaanza vyekundu vinamalizia vyeusi. Utamu wake nauhisi mdomoni mpaka leo. Tulikuwa tukitoka chuoni tunapitia vichakani upande wa Micheweni, tunarudi nyumbani midomo imegandana kwa utomvu, na mama anajua tulikokuwa kabla hatujasema neno.

Na ndege ndio hao. Ninga wetu, yule njiwa wa kijani asiyepatikana popote duniani ila Pemba, naye ni mla matunda. Panda mti wenye matunda uone wageni utakaopata.

#14 BintiMakunduchi
Mtandamboo hata kwetu upo tele maweni, usitutangazie kama karafuu 😂 Lakini miba yake je, kwenye uwa wa nyumba yenye watoto?

#15 Mama_wa_Watatu
Mmetaja watoto, na hapa ndipo nilipokuwa nangoja. Nisameheni nikirefusha.

Mwaka juzi nilikuwa na duranta mlangoni, nzuri kama hiyo ya barazani. Watoto wangu na wa jirani walikuwa wanacheza kupikiapikia. Vifuu ndio sufuria, mchanga ndio wali, vijitunda vya duranta ndio mchuzi. Nikawa nawaona, nikawa nacheka. Binti yangu wa miaka minne akaula ule mchuzi.

Magharibi akaanza kulalamika tumbo, akatapika, mwili ukapanda moto, akawa analegea kama mwenye usingizi usioisha. Hospitali tuliyokimbilia waliniuliza kala nini, nikasema vijitunda vya maua. Maua gani? Sikujua jina. Wakanitajia malaria, wakanitajia chakula kibovu. Mpaka mume wangu alipofunga safari usiku kurudi nyumbani kukata tawi na kulileta ndipo tabibu mmoja alipoutambua. Tulilala siku mbili. Mwanangu mzima leo, alhamdulillahi, lakini ule usiku sitausahau.

Vijitunda vya duranta ni sumu. Majani pia. Kama unao mti huu, jua jina lake, na waambie watoto wote wa mtaa, si wako peke yao.

#16 Kijana_wa_Wete
Pole sana mama. Lakini mie naona shorewanda wanavila kila siku na hawafi. Kitu anachokula ndege hata mtu si anaweza?

#17 Muuguzi_Mstaafu
HAPANA kijana, tafadhali futa hilo kichwani. Tumbo la ndege si tumbo la mtu. Ndege anameza kijitunda, anapitisha mbegu, anaondoka. Hivyo ndivyo mti unavyosambaa. Mtoto anatafuna. Mbwa na paka pia hudhurika.

Kwa anayesoma: mtoto akila, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala mafuta ya nazi kwa kudhani yanakata sumu. Mfute mdomo, mkimbize hospitali, na chukua tawi lenye jani, ua na kijitunda. Alichokifanya mume wa Mama_wa_Watatu ndicho cha kufanya mara ya kwanza, si ya pili.

Na mturituri ni mbaya zaidi. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu wanatunga ushanga. Ikitafunwa hata moja inaweza kuua.

#18 Kijana_wa_Wete
Nimefahamu bi mkubwa. Ahsante.

#19 Mzee_wa_Mbweni
Naomba niseme asili yake. Duranta si ya kwetu, kwao ni Amerika ya joto, kuanzia Mexico na visiwa vya Karibi kushuka kusini. Jina limetokana na Castore Durante, tabibu wa Kitaliano wa karne ya 16. Visiwa hivi vimepokea mimea mingi ya kigeni kupitia bustani. Hapa Mbweni, John Kirk aliyekuwa konsuli wa Kiingereza alikuwa na bustani ya kujaribia mimea ya kila pembe ya dunia. Sisemi duranta aliileta yeye, nasema milango ilikuwa wazi.

Ndugu yake mwengine ni mvepe. Tazameni ua la mvepe na la duranta mtaona undugu. Mvepe ulipandwa kwa uzuri wa maua yake, nyekundu na manjano kwenye kichwa kimoja, na vijitunda vyeusi vinavyong'aa. Leo umejaa kwenye mashamba yaliyoachwa, hata mbuzi ukiwadhuru. Huko Australia duranta nayo imeshahesabiwa kuwa gugu. Mwenye kupanda apunguze vishada vilivyokauka asiwaachie ndege wote.

#20 Nyuki_wa_Dunga
Mie mfuga nyuki, nimeusoma uzi wote na naona mmeiruka sentensi moja ya #1: "maua nimeyaona labda mara mbili, yakapukutika". Kama tatizo ni mkasi au mbolea, maua yasingetoka. Yalitoka, hayakushika. Ua lisiloshika mara nyingi halikupata mgeni.

Angalia ua la duranta kwa karibu. Lina bomba jembamba, utamu uko ndani kabisa, nyuki na kipepeo lazima wasogee. Likishika, kile kikombe cha chini ya ua hakianguki, kinakua pamoja na kijitunda na kukigubika, ncha yake imejipinda kama mdomo wa ndege. Lisiposhika, kikombe kinabaki kitupu na kukauka. Dada, uani kwako kuna nini kinachofukuza nyuki? Unapuliza dawa ya mbu?

#21 UaLaFuoni
Sipulizi dawa. Lakini napika maandazi ya kuuza, kila siku alfajiri mpaka saa tatu, jiko la makumbi ya nazi. Liko hatua nne kutoka kwenye mti.

#22 Nyuki_wa_Dunga
Moshi wa makumbi! Sie tunapofungua mzinga tunatumia huo huo kuwatuliza nyuki. Umewafukizia kila asubuhi miaka mitatu, wakati ule ule wanaotoka kutafuta chakula.

#23 BintiMakunduchi
Moshi saa tatu umekwisha, jua linafika saa tano. Nyuki wana mchana mzima. Narudi kwenye jua.

#24 Fundi_Mkasi
Na karo mmeisahau? Maji ya sabuni ya vyombo yanakwenda wapi? Nimeona hoteli moja walimwagia maua maji ya kufulia, yakaungua ncha zote.

#25 UaLaFuoni
Karo ina bomba, inakwenda shimoni. Ila watoto wa dada yangu wakiosha vyombo humwaga popote.

#26 Maalim_Kinongo
Na maji unayomwagilia ni ya kisima au ya bomba? Kama yana chumvi hiyo ni hesabu nyengine.

#27 UaLaFuoni
Kisima. Hayana chumvi ya kuhisi, chai inapikika vizuri tu.

#28 Bibi_Ukwajuni
Wanangu, nimewasikiliza. Huyo mama mkwe msimdharau kwa kusema jicho. Wazee wetu wakiona kitu kimoja kinasitawi na pacha wake hakisitawi walikuwa na maneno yao. Uani ndiko wanawake walikokaa, ndiko ua lilikopandwa: asumini, mrehani, kilua. Barazani wanaume. Bibi yangu akisema ua la uani linataka kusemeshwa. Kila asubuhi akipita akigusa majani, akiyasalimu. Msome kisomo muombe dua, hakuna hasara, na hayo ya mbolea na mkasi fanyeni pia.

#29 Mpemba_wa_Konde
Bibi, shikamoo. Hiyo ya "ua la uani" nimeipenda mno. Naiandika ukutani.

#30 Kijana_wa_Wete
Swali la pembeni. Nataka ua wa vijitunda usiokuwa na sumu kabisa, nyumba yetu ina wadogo sita. Wakuu mnanishauri nini?

#31 Maalim_Kinongo
Mbuni. Mti wa kahawa hii hii tunayokunywa. Kichaka kizuri, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, maua meupe yananukia, vijitunda vyekundu vimeshikana na tawi. Unapenda kivuli, na Pemba mna mvua. Mtoto akila ganda la tunda lililoiva ni tamu, hana neno.

#32 Mzee_wa_Mbweni
Wengine watakwambia muraya, ile ya maua meupe yenye harufu ya mchungwa na vijitunda vyekundu. Nzuri, lakini ni jamaa wa michungwa na inahifadhi kijidudu kinachoeneza maradhi ya kugeuza majani ya mchungwa manjano. Aliye karibu na michungwa, kama watu wa Ndijani, aiache.

#33 UaLaFuoni
Assalamu alaykum tena. Miezi mitano imepita, nimerudi kutoa habari kama nilivyoahidi wengine faraghani.

Masika yalipoanza nilifanya yote. Mbolea ya kuku nimeacha. Fundi nikamsikiliza, nikaikata ya uani nusu. Jiko nimelihamishia kona ya pili. Jirani kalihamisha tangi lake (hilo halikuwa langu, alikuwa anajenga). Watoto nimewakataza kumwaga maji ya sabuni. Mama mkwe kasoma, na mimi nikawa naisalimu kila nikipita.

Wiki iliyopita tawi moja lililopanda mpaka juu ya ukuta limetoa kishada. Vijitunda kumi na moja, bado vya kijani, kila kimoja na kidomo chake kama alivyosema Nyuki_wa_Dunga.

#34 Nyuki_wa_Dunga
Mashaallah! Moshi ulipoondoka tu.

#35 Maalim_Kinongo
Hongera. Naitrojeni imekwisha kwenye udongo, mti umekumbuka kuzaa. Ila ungebadilisha kimoja kimoja tungejifunza zaidi.

#36 UaLaFuoni
Kweli maalim. Nilikuwa na hamu.

Lakini nina jengine. Nilipoanzisha uzi huu mwanangu wa mwisho alikuwa kitoto cha kubebwa. Sasa anatembea, na anapocheza ni pale pale uani. Juzi nimemkuta ameokota jani la duranta anataka kulitia mdomoni. Nikaisoma tena #15, yote, usiku, mara mbili.

Leo asubuhi nimepanda ngazi nimekikata kile kishada, kabla hakijageuka njano. Nimekifunga kwenye karatasi nikakichoma jikoni. Miaka mitatu nakingoja. Ya barazani nitaizungushia wavu, vishada vya chini vyote nitavitoa. Ya uani nitaing'oa mvua zikipungua.

#37 Mama_wa_Watatu
Allah akulindie mwanao. Najua kilivyokuuma. Mie yangu niliing'oa nalia.

#38 Mpemba_wa_Konde
Dada, nina miche ya mbuni mitatu kwenye vifuu, imeshika vizuri. Binamu yangu anavuka na boti Jumamosi. Nikupe mmoja? Kivuli cha uani utakipenda.

#39 UaLaFuoni
Nipe ndugu yangu, ahsante sana. Nitampokea bandarini mwenyewe.

#40 Fundi_Mkasi
Dada, kabla hujaing'oa. Kile kishada kilikuwa kwenye ncha ya tawi lililochipua baada ya mkasi, au la zamani?

#41 UaLaFuoni
Jipya. Sehemu iliyopita juu ya ukuta.

#42 Fundi_Mkasi
Tawi jipya. Nilisema.

#43 BintiMakunduchi
Juu ya ukuta, fundi. Kwenye jua.